Uwajibikaji Huanza Kwenye Makabidhiano

Mhadhara kwa mameneja, wakuu wa idara na viongozi wa ushirika wa Mbeya na Iringa

 

Nimeombwa nizungumzie uwajibikaji wa wafanyakazi na namna meneja anavyoweza kuujenga. Malalamiko yenyewe nayajua, maana nayasikia kila ninapokaa na mameneja, iwe Mafinga, Iyunga au Tukuyu. Vijana wa siku hizi hawajali. Bila kusimamiwa kazi haiendi. Ukiuliza nani kafanya, kila mtu anamtazama mwenzake. Hili la mwisho ndilo lililonishughulisha kwa muda mrefu. Palipo na watu wanaotazamana, mara nyingi kasoro haikuanza siku ya kuulizwa. Ilianza siku kazi ilipogawiwa, na aliyeigawa ni meneja.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka mezani mapema ili mnipime nayo: mfanyakazi hujibu kwa kile alichokabidhiwa. Akikabidhiwa kazi isiyo na mipaka, isiyo na kipimo, na bila uwezo wa kuitimiza, siku ya kuulizwa atakuwa na udhuru, na udhuru huo utakuwa wa kweli. Anayetaka watu wa kujibu aanze kwa kujifunza kukabidhi.

Kipimo kabla ya tangi

Nianze na kazi ambayo wengi wenu mnaifahamu. Katika vituo vya kukusanyia maziwa vya Iringa na Rungwe, mfugaji hufika alfajiri na keni yake. Mpokeaji hayamimini maziwa moja kwa moja kwenye tangi la kupoozea. Kwanza hunusa. Kisha hutia laktomita kuona uzito wa maziwa. Maziwa halisi ya ng'ombe huwa kati ya 1.028 na 1.032, na yakitiwa maji kipimo kinashuka. Halafu huchanganya kiasi kidogo na alkoholi. Maziwa yaliyoanza kuchacha huganda palepale. Yakifaulu, hupimwa lita, lita zinaandikwa kwenye daftari la kituo na kwenye kadi ya mfugaji, ndipo yanamiminwa.

Utaratibu huu una faida ya afya, lakini una faida ya pili inayotuhusu leo. Maziwa yakishaingia kwenye tangi hayana mwenyewe tena. Lita chache zilizochacha zinaweza kuharibu tangi zima, na hapo hata uwaite wafugaji wote mkutanoni, hakuna atakayeweza kukuonyesha ya kwake. Mwenye maziwa mazuri ataadhibiwa pamoja na mwenye mabaya, na kesho yake atajiuliza kwa nini ahangaike kuosha keni kwa maji ya moto.

Sasa tazameni maofisi na maghala yetu. Wengi wetu tunapima tangi. Mwisho wa mwezi hesabu haikai sawa, stoo ina upungufu, wateja wamelalamika, ndipo tunaitisha kikao cha wafanyakazi wote na kuwasema wote. Waliofanya vizuri wanatoka na uchungu, waliofanya vibaya wanatoka salama. Kikao cha namna hiyo kikirudiwa mara chache, wale wazuri wanaacha kujituma. Ndugu zangu, kumkaripia kila mtu ni njia ya kutomwuliza mtu yeyote. Kazi ya kila mmoja ipimwe inapotoka mkononi mwake, kabla haijachanganyika na ya wenzake.

Nahodha wengi

Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika maeneo ya kazi chombo kinakwenda mrama hasa wakati wa kupokezana zamu. Mashine iliyoanza kutoa mlio saa kumi na moja jioni inaachiwa zamu ya usiku bila neno. Dereva anaegesha gari breki zikiwa zimelegea, na mwenzake analipokea asubuhi aanze nalo kuteremka mlima wa Kitonga. Ajali ikitokea, wote wawili watasema kweli: wa kwanza alikuwa ameshatoka kazini, wa pili hakuambiwa.

Wauguzi wametutangulia katika jambo hili, nasi tujifunze kwao. Katika wodi inayosimamiwa vizuri, zamu inayotoka na zamu inayoingia hupita pamoja kitanda kwa kitanda. Hali ya mgonjwa inaelezwa mbele yake, dripu inatazamwa, kitabu cha ripoti kinasomwa. Dawa za kulevya zinazotumika kutuliza maumivu makali huhesabiwa na watu wawili, na wote wawili hutia saini. Kuanzia hapo hakuna shaka nani anajibu kwa jambo lipi. Na saini ile ina maana kwa sababu kabla ya kuiweka, mtu ametazama kwa macho yake.

Nasisitiza kutazama kwa sababu katika sehemu nyingi saini zimebaki na kutazama kumekwisha. Mlinzi anasaini kupokea ghala asilolifungua. Mhasibu anasaini kupokea vocha asizozihesabu. Meneja anayekubali saini ya namna hiyo anawafundisha watu wake kwamba jina la mtu halina uzito, na baada ya hapo asishangae wakiliweka popote.

Makabidhiano yaliyo kamili yana mambo manne. La kwanza, ni kitu gani hasa, kuanzia wapi mpaka wapi. La pili, tutajuaje kwamba kimefanyika vizuri. La tatu, lini. La nne, aliyekabidhiwa ana ruhusa ya kuamua nini bila kuja kuniuliza. Yakishasemwa hayo, mwombe mwenzako akueleze kwa maneno yake mwenyewe alivyoelewa. Usimwulize kama ameelewa. Sisi watu wa huku tumelelewa kwa adabu, na kijana mbele ya mkubwa atajibu "ndiyo, mzee" hata kama hajaelewa. Ile "ndiyo" ni heshima aliyokupa, usiihesabu kuwa ni ahadi ya kazi.

Reli iliyokabidhiwa

Hakuna makabidhiano makubwa zaidi yaliyowahi kugusa nyanda hizi kuliko ya reli ya TAZARA. Mkataba ulitiwa saini Beijing mwaka 1967 kati ya Tanzania, Zambia na China. Ujenzi ulianza mwaka 1970, njia ikakamilika mwaka 1975: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapopanda kutoka bonde la Kilombero kuja huku kwetu juu, mahandaki na madaraja yakifuatana. Mwezi wa Julai 1976 reli ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili.

Waliofanya kazi kwenye ujenzi ule wamesimulia jambo moja mara nyingi: wasimamizi wa Kichina waliishi kambini na kushika zana pamoja na vibarua. Fundi hakuishia kueleza. Alifanya mbele yako, kisha ukafanya mbele yake, na kosa likarekebishwa papo hapo. Mwanafunzi wa namna hiyo anapoachiwa kazi anakuwa ameshaona kipimo chake kwa macho.

Sasa tuitazame reli hiyohiyo miaka mingi baadaye. Mwaka wa fedha 2014/15 ilisafirisha takribani tani 88,000 tu, ilhali katika miaka yake ya mwanzo iliwahi kupita tani milioni 1 kwa mwaka. Sababu ni nyingi: ushindani wa malori barabarani, uchakavu wa vichwa vya treni na mabehewa, mtaji uliokosekana. Lakini kuna mbili zinazohusu somo letu. Mwenye reli si mmoja. Serikali mbili zinaimiliki kwa hisa sawa, na palipo na wenye mali wawili waliolingana, swali la nani aweke fedha mwaka huu linaweza kusubiri miaka. Na katika miaka ya 2013 hadi 2015 wafanyakazi waligoma mara kwa mara wakidai mishahara ya miezi iliyopita.

Hapa niwaombe mameneja mtulie kidogo. Mtu ambaye hajalipwa kwa miezi, anayekopa unga dukani na kufukuzwa na mwenye nyumba, utamwuliza nini kuhusu kuchelewa kazini? Unaweza kumwuliza, sheria inakuruhusu, lakini kinywa chako hakina nguvu. Uwajibikaji ni deni la pande mbili. Mwajiri asiyetimiza sehemu yake anapoteza haki ya kusikilizwa muda mrefu kabla ya kupoteza wafanyakazi wenyewe. Kama huna fedha, sema mapema, sema kiasi gani na lini, na uwe wa kwanza kukatwa. Watu wetu wanaweza kuvumilia shida wanayoielewa.

Mzigo bila uwezo

Kosa la kawaida kuliko yote katika usimamizi ni kumpa mtu mzigo na kubaki na uwezo wa kuubeba mfukoni mwako. Chukueni zao la chai, mnalolijua wa Mufindi na wa Rungwe. Jani zuri ni majani mawili na chipukizi. Likishachumwa, saa zinahesabika: likilazwa kwenye magunia, likibanwa, linapata joto na kuanza kuwa jekundu kabla ya kufika kiwandani. Karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia anapima, anaandika, anapanga magunia kivulini, anasubiri gari. Mvua za Rungwe, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka sehemu nyingi, zimekata barabara. Gari linafika usiku. Kiwandani jani linakataliwa, na asubuhi anayeitwa kujieleza ni karani.

Karani huyu hakununua gari, hakuchonga barabara, hana simu ya dereva wala salio la kumpigia, na hana ruhusa ya kukodi gari la jirani. Alichonacho ni mizani na daftari. Ukimkata mshahara utakuwa umemfundisha jambo moja, kwamba kazi hii humwadhibu mtu kwa bahati mbaya. Mtu aliyeamini hivyo hajali tena, kwa sababu kujali hakumsaidii.

Lakini geuzeni habari. Mwambieni karani kwamba gari lisipofika saa fulani ana ruhusa ya kukodi jingine kwa gharama isiyozidi kiasi fulani, na kwamba kesho yake ataeleza kwa nini alikodi au kwa nini hakukodi. Hapo amekuwa mtu wa kuulizwa. Jani likiharibika sasa, swali lenu lina haki, na yeye mwenyewe analijua. Kila mnapotaka kumwuliza mtu jambo, jiulizeni kwanza kama alikuwa na uwezo wa kuamua vinginevyo. Kama hakuwa nao, anayepaswa kuulizwa ni aliyeushikilia uwezo huo.

Kabla moto haujawaka

Shamba la miti la Sao Hill, hapo Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini, na adui yake mkubwa ni moto. Kiangazi kinaposhika, nyasi zinakauka na upepo wa nyanda za juu unaanza, cheche ya mkulima anayeandaa shamba inaweza kuteketeza misindano iliyokua miaka 20. Ni rahisi kumtafuta mwenye kosa moto ukishazima. Lakini kazi yenye maana ilikuwa ya miezi iliyotangulia: nani alipewa njia ipi ya kuzuia moto, aisafishe upana gani, amalize lini, na nani alikwenda kuikagua kwa miguu kabla ya nyasi kukauka.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Meneja anayeongoza kwa simu na ripoti pekee atajua mambo yakishaharibika. Nendeni. Ukaguzi ninaousema ni wa kawaida, wa siku na saa inayojulikana, usio wa kuvizia. Ukimvizia mfanyakazi atajifunza kukuvizia nawe. Atajua gari lako, atajua siku zako za safari, na kazi itafanyika unapokuwepo tu. Ukija kila Jumanne asubuhi, ukatazama mambo yaleyale matatu na kuuliza maswali yaleyale, baada ya muda atakuwa ameyatazama yeye kabla yako. Hapo amezoea kujikagua, na ulichotaka umekipata.

Na unapokagua, kosa dogo lisemwe likiwa dogo. Wengi wetu tuna huruma ya bandia. Tunamwona kijana akichelewa dakika kumi, tunanyamaza, akichelewa nusu saa, tunanyamaza, tunaandika moyoni. Siku tukichoka tunamwaga yote kwa pamoja, na kijana anashangaa, kwa kuwa siku zote zile ukimya wetu aliuelewa kuwa ni ruhusa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sema siku hiyohiyo, faraghani, kwa sauti ya kawaida, ukitaja kitendo na usiguse utu wake wala kabila lake wala ukoo wake. "Ulifika saa mbili na nusu, mizani ikakaa bila mtu, wakulima 14 wakasubiri." Hapo hakuna tusi wala mahubiri, na hakuna la kubishania.

Hofu hufika wapi

Tanzania ina historia yake ya kutafuta uwajibikaji, na tuitazame bila upendeleo. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na dharau kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliusoma, wakauelewa, na katika miaka iliyofuata, hasa Dar es Salaam, kulitokea migomo kadhaa ambayo madai yake makubwa hayakuwa mishahara. Yalikuwa matusi na dharau za mameneja. Somo hilo halijazeeka. Mtu aliyedharauliwa hutekeleza alichoamriwa na kuishia hapohapo. Ile hatua ya ziada inayookoa mashine au mgonjwa haitoki kwa mtu aliyetukanwa asubuhi.

Baada ya mwaka 2015 tuliingia kipindi cha kutumbua majipu, yaani kuwaondoa watumishi waliotuhumiwa kwa makosa. Watumishi hewa walisakwa, na mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwataja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Kuwaondoa waliodanganya kulikuwa haki, na nidhamu ya kufika kazini iliongezeka katika ofisi nyingi. Hata hivyo hofu ina mpaka. Inaweza kumleta mtu ofisini saa moja na nusu, lakini haiwezi kumfanya atoe taarifa ya kosa lake. Kwa kweli humfanya alifiche zaidi. Ofisa anayeogopa kusimamishwa mbele ya kamera hatasaini chochote chenye mashaka. Atasukuma jalada kwa mkubwa wake, mkubwa atalisukuma juu zaidi, na mwananchi aliyekuja na shida yake atarudi kijijini mikono mitupu.

Ipo njia nyingine isiyo ya hofu. Katika kiwanda cha magari cha Fremont, jimbo la California nchini Marekani, General Motors ilifunga milango mwaka 1982 baada ya miaka ya utoro, ugomvi na magari mabovu. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, na wafanyakazi wengi waliorudishwa walikuwa walewale. Tofauti ilikuwa usimamizi. Kila mfanyakazi alipewa kamba ya kuvuta akiona kasoro, hata kama kuivuta kungesimamisha mstari mzima wa uzalishaji, na aliyekuja baada ya kamba kuvutwa alikuja kusaidia. Ubora ulipanda upesi hadi kukaribia ule wa viwanda vya Japani, na utoro ukapungua sana. Watu waliodhaniwa hawajali walikuwa wanajali siku zote, ila walikuwa hawajapewa mahali pa kuonyesha.

Ninyi mna kamba ipi? Fundi wa tanuri la saruji pale Songwe, mpimaji wa mbao Mafinga, keshia wa duka Mwanjelwa, akigundua leo kwamba amekosea, anajua aende kwa nani? Na siku ya kwanza mtu atakapokuja kwenu kwa hiari yake kusema "bosi, nimekosea," uso wenu utafundisha kiwanda kizima. Mkimfokea, huyo atakuwa wa mwisho kuja.

Haki ndiyo inayoipa adhabu nguvu

Sisemi adhabu isiwepo. Wapo wanaoiba, wapo wanaolewa kazini, wapo waliosaidiwa wakashindikana. Lakini adhabu isiyofuata haki humgeuza mkosaji kuwa mwonewa, na wenzake wote watasimama upande wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mambo mawili mfanyakazi anapoachishwa kazi: sababu ya msingi na utaratibu wa haki. Kanuni za mwaka 2007 zinaeleza utaratibu huo: uchunguzi ufanyike, mfanyakazi apewe tuhuma kwa maneno anayoyaelewa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, aje na mwakilishi wa chama chake au mfanyakazi mwenzake, asikilizwe. Asiporidhika na kuachishwa ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mwajiri anayemfukuza mwizi kwa hasira, getini, mbele ya watu, anaweza kushindwa mbele ya Tume akiwa na ushahidi wote mkononi, kwa sababu tu hakumsikiliza.

Nilitaje hasa suala la shoti, kwa kuwa linawaumiza vijana wengi wa maduka, vituo vya mafuta na vibanda vya kutuma fedha. Fedha zikipungua, mwenye mali anakata mshahara wote palepale. Sheria hairuhusu hivyo. Hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu yake, kiasi na hesabu yake. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Anachodaiwa kisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Tazameni jinsi masharti hayo yanavyomlazimisha mwajiri kufanya makabidhiano mema. Ili uthibitishe kosa ni la keshia wa asubuhi, lazima fedha ziwe zilihesabiwa alipopokea na zikahesabiwa alipotoka. Droo moja ikitumiwa na watu watatu, huna wa kumkata. Una wa kujilaumu.

Katika utumishi wa umma safari imekuwa ndefu. Zamani mkuu aliandika taarifa ya siri kuhusu mtumishi, naye mtumishi hakuiona. Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ambao wengi tuliuita OPRAS: mtumishi na mkuu wake wakubaliane malengo Julai, wapitie katikati ya mwaka, wapime Juni. Wazo lilikuwa jema sana. Katika ofisi nyingi, hata hivyo, fomu zilijazwa zote Juni kwa mkupuo, malengo yakiandikwa baada ya kazi kwisha. Sasa tuko kwenye mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambapo kazi zinaingizwa na kupimwa mwaka mzima. Nautakia heri, lakini kompyuta hupokea kile tulichokiandika. Mkuu asiyekaa na mtumishi wake nusu saa Julai, ana kwa ana, kukubaliana nini kitafanyika, hataokolewa na mfumo wowote.

Anayejibu kwanza

Nimebakiza jambo ambalo bila hilo yote niliyosema yataanguka. Wafanyakazi hujifunza kujibu kwa kumtazama anayewaongoza.

Mwaka 1976, mkoani Shinyanga, watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya vikongwe waliteswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao walikufa. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakumtesa mtu yeyote kwa mkono wake, wala hakutoa amri ya kutesa. Lakini waliotenda walikuwa chini ya wizara yake, na mwaka 1977 alijiuzulu. Angeweza kuwataja wadogo, nao walikuwepo wa kutajwa. Aliondoka, akapelekwa ubalozini Misri, na miaka minane baadaye, mwaka 1985, nchi ikamkabidhi urais. Kujiuzulu kwake kumebaki kuwa kipimo ambacho Watanzania huwapimia viongozi wao hadi leo.

Sitaki kila meneja ajiuzulu kwa kila kosa. Ninachotaka ni kile kilichokuwa ndani ya uamuzi ule: mkubwa kujibu kwa lililotokea chini yake bila kumtanguliza mdogo. Kwenye bodi, kwa mteja, kwa mkaguzi, meneja aseme "sisi" kazi ikiwa nzuri, na "mimi" kazi ikiharibika. Kisha arudi kazini kwake na kuzungumza na aliyekosea kwa ukweli wote. Wafanyakazi wanajua upesi sana meneja wao akisimama mbele yao au nyuma yao, na wanalipa kwa kipimo hichohicho.

Kwa hiyo naomba mtoke hapa na kazi tatu. Wiki hii, kila mmoja achague jukumu moja ambalo kwake halina mwenyewe. Ampe mtu mmoja, kwa mambo yale manne niliyoyataja, na aandike. Ndani ya mwezi huu, atembelee kila sehemu anayoisimamia akiwa na swali moja tu: unahitaji uamuzi gani ambao leo huna ruhusa ya kuufanya? Majibu mtakayopata yatawaonyesha udhuru mwingi wa wafanyakazi wenu umetokea wapi. Na la tatu, kwenye kikao kijacho cha wafanyakazi, kabla ya kumwuliza yeyote lolote, asimame aeleze yeye mwenyewe aliahidi nini mwezi uliopita, ametimiza lipi, na lipi hakulitimiza na kwa nini. Afanye hivyo mwezi baada ya mwezi. Atakapowauliza wengine baada ya hapo, atakuwa anawaomba jambo ambalo wamekwisha kumwona akilifanya, na hapo ndipo meneja anapopata haki ya kujibiwa.